Jino la Dada Thoa

Kazi yangu ilikuwa gundi. Kwa miaka kumi na mmoja nilikaa meza ya tatu kutoka dirishani, katika maabara ya meno ya Bwana Trac, mtaa wa nyuma ya soko la maua, hapa Hai Phong. Wengine walichonga, wengine walipaka rangi, mimi niligandisha. Jino jipya lilikuja mezani kwangu likiwa vipande viwili. Kimoja ni kofia nyeupe, yaani lile jino lenyewe linaloonekana mtu akicheka. Cha pili ni kishina kidogo cha metali ya titani, kama pipa la mwanasesere, ambacho daktari hukifunga kwa skrubu kwenye mfupa wa mgonjwa. Mimi niliviunganisha vikawa kitu kimoja.

Bwana Trac alinifundisha mwenyewe, na hakunicheka, ingawa nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili niliyetoka kushona viatu kiwandani.

"Bibi Khue," aliniambia siku ya kwanza, "kwa nini tunagandisha hapa, tusimwachie daktari agandishe mdomoni?"

"Sijui, bwana."

"Kwa sababu mdomoni hatuoni. Gundi inayozidi hupenya chini ya fizi, ikajificha huko. Mgonjwa haumwi. Anakula, anacheka. Baada ya miezi, fizi inaoza, na mfupa unaifuata. Hapa mezani tunaiona, tunaikwangua yote. Basi kazi yako si kugandisha. Kazi yako ni kusafisha."

Nililishika neno hilo. Nilipuliza mchanga laini kwenye kishina mpaka kikafifia, nikakiosha kwa spiriti, nikakikausha kwa hewa, na baada ya hapo sikukigusa tena kwa kidole. Niliziba tundu la skrubu kwa uzi wa nta. Nilizungushia gundi nyembamba kama mstari wa kalamu, nikavisha kofia, nikakandamiza. Kisha niliwasha taa ya buluu kwa pumzi mbili tu, gundi iliyozidi ikawa laini kama ute wa yai lililochemshwa nusu, nikaikwangua. Halafu taa tena, pande zote. Mwisho nilitazama kwa kioo cha kukuzia, nikizungusha polepole. Hata unyuzi mmoja haukubaki. Madaktari walijua meno yaliyopita kwangu.

Dada yangu Thoa hakuwahi kuielewa kazi hii. Kila nilipomtembelea aliita kutoka ndani, "Haya, mwenye taa ya buluu amefika! Leo umewabandika wangapi?"

Alinizidi miaka tisa. Wazazi wetu walipofariki yeye ndiye aliyeacha shule, akabeba mti begani na sufuria mbili, akaenda kuuza tambi za kaa pembeni mwa soko, ili mimi nifike darasa la saba. Haya ninayoyaandika, nayaandika kwa herufi alizonilipia yeye. Hakunikumbusha hata siku moja.

Jino alilipoteza mwaka ule mvua zilipoangusha maua mekundu barabara nzima. Alikanyaga maua yaliyolowa, akateleza, na mti wa kubebea ukampiga mdomoni. Jino la mbele, la juu. Aliokota sufuria, akafuta damu, akauza tambi zilizobaki. Lakini tangu siku hiyo, miaka ishirini, hakucheka bila kuziba mdomo kwa mkono. Alikuwa mcheshi kuliko watu wote wa soko lile. Wateja walikuwa wakimwona anacheka kwa macho tu, kiganja kimefunika kilichobaki, na mkono wa pili una upawa.

Mwaka jana mwanawe Luong na mkewe Xuyen walimpeleka kwa Daktari Quyen, akawekewa skrubu mfupani. Ilibidi kungoja miezi minne mfupa uishike. Katika miezi hiyo hiyo ndipo alipoanza kukonda. Walipompiga picha za tumbo walikuta ugonjwa umeshaenea kwenye ini. Daktari wa hospitali alimwambia Luong kando, na Luong akaja kuniambia mimi, akilia kama alivyolia akiwa mdogo alipoumwa na nyuki. Dada hatukumwambia. Hakuuliza. Ila wiki ileile aliniita nikae karibu.

"Khue, nataka kupiga picha."

Nilijua ni picha gani. Hapa kwetu mzee mwenye busara hupiga picha yake mapema, ile itakayowekwa juu ya meza ya ubani, wanapokumbukwa wafu, asije akawaachia watoto watafute picha ya kitambulisho.

"Utapiga, dada. Haraka ya nini?"

"Sikiliza. Picha hiyo itatazamwa miaka mingi. Vitukuu wataniangalia wakinipa chakula. Sitaki wamwone bibi aliyebana midomo kama amenusa samaki aliyeoza. Nataka nicheke, na mkono wangu uwe chini. Basi. Hilo tu nataka. Nyinyi wenye taa za buluu, mmeshaniundia jino langu, au mnalifuga lipate kukua?"

Nilimwambia Bwana Trac. Alilitoa jino la dada kwenye foleni akaliweka mbele ya mengine yote. Diep, binti anayepaka rangi, aliomba picha ya Dada Thoa akiwa kijana, akakaa nayo. Alilipaka jino lile manjano kidogo, na karibu na fizi akaweka kivuli cha chai.

"Mtu wa miaka sabini na mbili akiwa na jino jeupe kama sahani, watu wanatazama sahani," aliniambia. "Hili hawataliona, Bibi. Watamwona yeye."

Siku hiyo, Alhamisi, joto lilikuwa kali na umeme ulikatika mara mbili. Diep alikuwa na mimba ya miezi sita. Saa nne hivi nilimwona ameweka brashi chini, uso umekuwa kama karatasi, ameshika ukingo wa meza. Nilivua glavu, nikatoa mfukoni kichupa changu cha mafuta ya kijani ya mnanaa, ambacho hakuna mwanamke wa rika langu anayetoka nyumbani bila kuwa nacho. Nilimchua kwenye kipaji, nyuma ya shingo, kwenye nyayo.

"Harufu ya mama yangu," alisema, amefumba macho.

"Pumua. Usiongee."

Alipopata nafuu nilinawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena, nikarudi mezani. Jino la dada lilikuwa kwenye kisahani chake, limeandikwa jina. Nilipuliza mchanga, nikaosha kwa spiriti, nikakausha. Bwana Trac alipita nyuma yangu.

"Bibi, glavu."

"Nimenawa, bwana."

"Jino la nani hilo?"

"La dada."

Alisimama kidogo. Kisha akaigeuza feni yake ikanielekea mimi, akaenda zake.

Nitasema ukweli. Glavu zilikuwa pale, kwa urefu wa mkono. Sikuzivaa kwa sababu lilikuwa jino lake. Dada yangu alinibeba mgongoni, alinichana chawa, alinimenyea kaa wa kwanza wa kila msimu kwa vidole vyake. Nilitaka nilishike kwa mkono wangu, si kwa mpira. Nikakichukua kile kishina kwa vidole, nikakigeuza kwenye mwanga, nikakitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Halafu nikapaka gundi. Taa, kikwangulio, taa tena. Kwa kioo lilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kufanya.

Ijumaa Daktari Quyen alilifunga. Dada alijitazama kwenye kioo, akaanza kucheka, na papo hapo mkono ukapanda wenyewe.

"Mama mkubwa, mkono!" daktari akasema.

Akaushusha. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Daktari naye akacheka, akamwambia asitafune vitu vigumu siku mbili tatu, kisha akafunga zahanati kwenda kwao kwa kumbukumbu ya babu yake. Angerudi Jumanne mchana.

Mpiga picha, mzee Phach, aliitwa Jumapili asubuhi. Xuyen alimvisha mkwewe gauni refu la mahameli ya zambarau, akalikunja nyuma na kulifunga pini ili lisionekane limempwaya. Alifanya hivyo bila kusema neno la kukonda. Siku tatu dada hakuwa amekula chochote zaidi ya uji, lakini asubuhi ile aliomba wali wa kunata na choroko. Xuyen alifurahi mpaka akaungua kidole. Dada akala tonge la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaacha kutafuna.

"Khue," alisema, "mbona wali wa huyu binti una mfupa?"

Alitoa tonge kinywani akaliweka kwenye kiganja changu. Jino lilikuwa limesimama katikati ya wali, limenyooka. Nilimtazama mdomoni. Kishina cha titani kilikuwa kimebaki mahali pake, kinang'aa, kikavu kama hakijawahi kupakwa kitu.

Nilitoka uani nikaliosha lile jino. Ndani yake gundi ilikuwa imejitenga yote, nyororo kama ganda la yai. Nikalipeleka puani. Sijui kama kweli harufu ilikuwapo, au ilikuwa moyoni mwangu. Nilisikia mnanaa.

Nikarudi ndani, nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Dada, ni mimi. Nilishika kwa mkono mtupu. Nilikuwa nimemchua mtu kwa mafuta. Mafuta hayatoki kwa sabuni tu, najua, nawafundisha wengine hivyo. Gundi haikushika. Ni mimi nimeliharibu."

"Ulikuwa unamchua nani?"

"Diep. Yule mpaka rangi. Ana mimba, alitaka kuzimia."

"Alipata nafuu?"

"Alipata."

"Basi," alisema dada. "Inuka, sakafu ina baridi. Mzee Phach, subiri, unywe chai. Mdogo wangu anakwenda kutafuta gundi."

Nilimpigia Bwana Trac. Alikuwa kanisani na mkewe. Niliwasikia watu wakiimba nyuma yake. "Njoo," alisema, "nafungua." Nilipofika, shati lake jeupe lilikuwa limelowa jasho, na mashine ya mchanga ilikuwa imewashwa tayari. Nikasafisha ndani ya jino upya, nikiwa na glavu. Yeye alinifungia tyubu ya gundi na taa ndogo ya mkononi kwenye mfuko.

"Kishina kiko mdomoni bado?"

"Kiko. Bisibisi ya skrubu ile anayo daktari peke yake."

"Kwa hiyo utagandisha mdomoni."

"Ndiyo."

Akanitazama. Sote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. "Nilipaswa kusimama pale Alhamisi mpaka uvae glavu," alisema. "Niliona, nikanyamaza. Haya, nenda. Utasafisha utakavyoweza."

Nyumbani walikuwa wamemsogeza dada karibu na mlango, penye mwanga. Mzee Phach ameshafunga kamera juu ya miguu yake mitatu. Nikavaa glavu, nikakifuta kishina kwa spiriti, nikaweka pamba, nikafungua tyubu. Dada akaachama kama kifaranga. Na hapo ndipo nilipoiona fizi yake. Ilikuwa imezunguka kishina, ya waridi, imekaza, haina hata wekundu. Mwili mzima ulikuwa umekwisha, macho yamekuwa manjano, lakini pale mahali padogo nyama yake ilikuwa nzima kama ya msichana.

Mkono wangu ukasimama.

"Nini tena?" alisema, maneno yakipita kwenye pamba.

"Hapa sioni chini, dada. Gundi itabaki ndani ya fizi. Itaozesha."

"Baada ya muda gani?"

"Miezi sita. Kwa mwingine mwaka."

Akaitoa pamba mdomoni. Macho yakaanza kucheka kabla yake.

"Aa, mdogo wangu. Basi tuna nafasi ya kutosha."

Mzee Phach akashughulika na kamba ya kamera yake. Xuyen akaingia jikoni, nikasikia maji yakifunguliwa kwa nguvu. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na yeye ndiye aliyetuambia.

Ningeweza. Ilikuwa kazi ya dakika nne. Lakini nilijua kwamba nikiikamua gundi ile nitakuwa nimekubali. Nitakuwa nimeipima miezi sita na nimesema, ndiyo, haifiki. Nimegandisha maelfu ya meno kwa watu nisiowajua, na kila moja nililisafisha kwa ajili ya mwaka ujao wa mtu huyo. Wa dada yangu ndio nisiufanyie hivyo?

Nikaifunga tyubu.

"Tusubiri Jumanne. Daktari atafungua skrubu, nitakwenda kufanya mezani, vizuri. Mzee Phach atarudi. Si utarudi, kaka?"

"Hata kesho," alisema mzee Phach.

"Khue."

"Jumanne, dada. Fizi yako ni nzima."

Hakukasirika. Angekasirika ningefungua tyubu. Alinyoosha mkono akaniwekea nywele nyuma ya sikio, kama alivyofanya nilipokuwa darasa la pili, kisha akamgeukia mpiga picha.

"Mzee, piga tu hii ya leo, gauni limeshafungwa pini. Huyu mdogo wangu anataka niishi. Tumfanyeje?"

"Angalia hapa, mama. Kidevu juu. Samahani nikuulize, wewe si ndiye uliyekuwa unauza tambi pale karibu na kinyozi? Wewe bado nakudai kaa. Bakuli zima niliona mguu mmoja!"

"Mmoja? Kaa wale walikuwa walemavu!"

Akacheka. Akacheka kwa nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo, na mkono ukapanda ukaziba mdomo, na mzee Phach akabonyeza.

Jumatatu alilala kutwa. Jumanne asubuhi nilikwenda mapema, jino limo kwenye pamba mfukoni mwangu, ili tumwandae kwa daktari. Xuyen alikuwa anamchana nywele. Saa tatu na robo alivuta pumzi, tukangoja ya pili.

Mchana tulimwosha kwa maji ya majani yenye harufu nzuri. Mzee wa mtaa anayejua taratibu alikuwa amekaa na kibakuli cha mchele ule wa kutiwa mdomoni mwa marehemu, asiende na njaa. Xuyen akamshika mkono.

"Baba, subiri kidogo. Kuna kazi ya mama mdogo kwanza."

Nikavaa glavu. Bwana Trac alikuwa amefika. Alikuja na Diep, na aliposikia ninachotaka kufanya, aliichukua ile taa ndogo akapiga magoti upande wa pili, akanishikia. Nikakausha kishina. Nikazungushia gundi, nyembamba. Nikavisha jino, nikakandamiza, nikahesabu. Mwanga wa pumzi mbili. Kisha nikaanza kukwangua, mbele, nyuma, pembeni, nikapitisha uzi chini ya ukingo mara moja, mara ya pili, nikautazama kwenye mwanga, nikapitisha tena.

"Mama," mzee alisema kwa upole, "sasa hapo gundi ikibaki itadhuru nini?"

Nikavuta uzi mwingine.

"Mwache amalize, mzee," Bwana Trac akasema. Taa haikutikisika mkononi mwake.

Uzi wa nne ulitoka mweupe. Nikamwambia awashe taa tena, pande zote. Ndipo nikasogea, mzee akaweka mchele.

Picha iliyopo juu ya meza ya ubani ni ile ya Jumapili, maana hakuna nyingine. Luong aliikuza, akaiwekea fremu ya mti. Mahameli ya zambarau, macho yanacheka, na kiganja kimefunika mdomo. Mama hakutaka hivyo, Luong alisema alipoitundika, kisha akaona uso wangu, akaongeza upesi kwamba hata hivyo ndivyo sote tunavyomkumbuka.

Mjukuu wangu mdogo, wa miaka mitano, humtazama sana anapoweka machungwa. Juzi aliniuliza, "Bibi mkubwa anaficha nini?"

"Jino."

"Hana?"

"Analo," nilimwambia. "Limekaa vizuri. Nililisafisha pande zote."

Akapanga machungwa yake matatu, akaondoka kwenda kucheza. Mimi nilibaki nikifuta vumbi kwenye kioo cha picha, pale kwenye mkono.